Zulia la kanda za kitambaa na pamba ya mfarishi: jinsi ya kulishona mpaka lilale bapa

Hatua za kazi hii si nyingi. Unakata kanda za kitambaa, unaziunga, unazikunja zikameza pamba ya mfarishi (lile tabaka bapa linalokaa katikati ya vitambaa viwili), unapata kamba moja ndefu iliyojaa. Kamba hiyo unaizungusha na kuishona ubavu kwa ubavu, kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka. Anayeweza kupitisha mshono ulionyooka kwenye cherehani anazo tayari karibu stadi zote zinazohitajika.

Kinachowashinda watu ni zulia kugoma kulala. Wanamaliza kushona, wanalitandika sakafuni, na kingo zinainuka huku katikati pamezama. Au kinyume chake: katikati pametulia lakini pembeni kote pamefanya marinda. Lawama hutupiwa uzi, pamba, cherehani. Mara nyingi vyote hivyo havina hatia. Tatizo linaanzia kwenye kona, pale kamba inapopinda kuzunguka ncha za zulia, kwa hesabu ndogo ambayo mikono inaikosea bila macho kujua. Ndiyo maana katika mwongozo huu sehemu ya kona imepewa nafasi kubwa kuliko kukata au kupanga rangi.

Ukubwa na kiasi cha kamba

Zulia la mfano humu ni la umbo la yai, lenye urefu wa sentimita 108 hivi na upana wa sentimita 68. Linakula kanda 40, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 6.5 na urefu wa sentimita 107 au zaidi kidogo, ambao ndio upana wa vitambaa vingi vya pamba vinavyotumika kushonea mifarishi. Wanaouza kanda zilizokwisha kukatwa huziviringisha katika vifungu vya 40 au 42, zenye upana wa inchi 2.5. Kifungu kimoja kinatosha zulia moja. Ukikata mwenyewe kutoka kwenye kitambaa cha upana huo, utahitaji jumla ya mita 2.6, na uongeze kidogo kwa ajili ya kunyoosha kingo.

Kila kiungo kinakula sentimita 6 hivi za kitambaa, kwa hiyo chukulia kwamba ukanda mmoja unakupa mita 1 ya kamba. Kanda 40, mita 40. Ukanda wa sentimita 6.5 ukishakunjwa mara nne unakuwa kamba ya upana wa sentimita 1.6.

Ukitaka ukubwa mwingine, hesabu ni nyepesi. Zidisha urefu wa zulia kwa upana wake, zidisha jibu kwa 0.87 kwa sababu pembe zimekatwa, kisha gawanya kwa 1.6. Zulia la sentimita 80 kwa 50, kwa mfano, linataka kamba ya sentimita 2,175, yaani kanda kama 22. Kwa mtu ambaye hajawahi kushona hata moja, ningeshauri aanze na hilo dogo. Kona zake ni zilezile za zulia kubwa, na likikataa kulala hujapoteza kitambaa kingi.

Kipimo kingine cha kuandika mapema ni urefu wa mstari wa kwanza, ule wa katikati kabisa. Kwa umbo la yai, mstari huo ni sawa na urefu wa zulia ukitoa upana wake. Zulia la 108 kwa 68 linaanza na mstari wa sentimita 40, na lile la 80 kwa 50 linaanza na sentimita 30. Kila mzunguko unaongeza kiasi kilekile mbele, nyuma na ubavuni, hivyo tofauti kati ya urefu na upana haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukianza na mstari mfupi mno, zulia litaelekea kuwa duara hata ulizungushe vipi.

Kitambaa, pamba na vifaa

Kitambaa cha pamba tupu cha uzito wa kati ndicho kinachokunjika vizuri na kushika mkunjo wa pasi: kitambaa cha shuka, cha mashati, kitenge cha pamba. Fulana na vitambaa vingine vinavyovutika viache kwa mazulia ya kusuka, kwani hapa vinaharibu vipimo vyote. Jinzi ni nzito mno kwa cherehani nyingi za nyumbani, maana kamba ina matabaka manne ya kitambaa kabla hata hujahesabu pamba na viungo. Huna uhakika kitambaa ni pamba? Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki, uziwashe. Pamba inaungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu.

Kitambaa kipya kifuliwe kikiwa kizima. Kanda zilizokwisha kukatwa hazifuliwi, kwa sababu zitasokotana na kuchanika nyuzi. Kwa rangi kali kama nyekundu na buluu iliyokolea, sugua pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikichafuka, fua tena mpaka rangi iache kutoka, au kiweke kando.

Pamba ya mfarishi ichague nyembamba. Inayotengenezwa kwa pamba tupu, au pamba asilimia 80 na poliesta asilimia 20, inafaa zaidi. Ile nyeupe ya poliesta iliyovimba inavutia machoni, lakini inatunisha kamba mpaka inakuwa ya mviringo, na mguu wa cherehani unateleza juu yake. Ikate upana wa sentimita 5.5, pungufu kidogo ya kitambaa, ili isichungulie kwenye mshono. Kwa mita 40 unahitaji takriban mita 1.5 za pamba yenye upana wa sentimita 150. Blanketi jembamba, flana au taulo lililochakaa vinaweza kuchukua nafasi yake. Usiviamini kabla hujashona kipande cha majaribio cha sentimita 30 na kuona kamba imekuwa nene kiasi gani, kwa sababu upana wa kamba ukibadilika, hesabu zote zilizo hapo juu zinabadilika nao.

Sindano iwe nene, namba 100/16 au 90/14, ya kushonea jinzi. Uzi uwe wa poliesta, kwani zulia linakanyagwa na uzi wa pamba unachakaa mapema. Mishono ni miwili, mmoja wa kufunga kamba na mwingine wa kuunganisha, na kila mmoja una urefu wa mita 40. Huo wa pili unakwenda kwa zigizaga na unakula uzi kwa pupa. Weka akiba ya mita 500. Jaza bobini zote ulizo nazo kabla ya kuanza, kwa sababu kukatika kwa uzi wa chini katikati ya kona kunaudhi kuliko unavyodhani. Vibanio vidogo ni bora kuliko pini, maana kamba ni nene na pini zinapinda.

Na meza. Wengi huisahau, nami naiweka juu ya orodha pamoja na cherehani yenyewe. Upande wa kushoto wa cherehani panahitajika eneo pana lililo usawa mmoja na bamba la sindano. Kama cherehani yako imeinuka juu ya meza, panga vitabu au mbao kushoto kwake mpaka zilingane. Zulia likining'inia, uzito wake unavuta mshono kwenda chini, na huo tayari ni mwanzo wa kingo kuinuka.

Kukata na kuunga

Kanda zikatwe kwa kukingama, kutoka ukingo mmoja wa kiwandani hadi mwingine. Usikate kwa hanamu, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hivyo kinavutika. Kama unakunja kitambaa ili ukate kwa haraka, hakikisha mkunjo umesimama pembe mraba na rula, la sivyo kila ukanda utakuwa na kiwiko katikati. Kisu cha gurudumu na rula ndefu ndiyo njia ya haraka. Mkasi unafaa. Hata kupasua kwa mkono kunafaa: pamba iliyofumwa hupasuka kwa kufuata uzi wake, na kingo zilizochakaa zitafichwa ndani ya kamba. Ukipasua, ongeza milimita chache za upana kufidia nyuzi zitakazotoka.

Rangi zinahitaji fikra kidogo kabla ya kuunga. Mzunguko wa kwanza wa zulia letu ni chini ya mita 1, hivyo ukanda mmoja unauzunguka wote na kutengeneza pete kamili. Mzunguko wa mwisho unakaribia mita 3, na ukanda uleule hapo haufiki hata nusu. Matokeo yake, rangi zikichanganywa ovyo, katikati panatokea pete na pembeni panatokea mabaka. Ukipenda hali hiyo, changanya tu. Ukitaka pete hadi ukingoni, unga kanda tatu za rangi moja mfululizo kwa mizunguko ya mwisho. Ninachopendelea mimi ni rangi iliyokoza ukingoni, kwani ndiko vidole vya miguu vinakogusa na ndiko uchafu unakoonekana kwanza.

Kuunga ni kwa hanamu, ili unene wa kiungo utawanyike badala ya kurundikana mahali pamoja. Laza ukanda mmoja uso juu. Weka wa pili juu yake, uso chini, ncha zikikutana kwa pembe mraba. Shona kutoka kona hadi kona kwenye mraba uliojitokeza. Kabla ya kukata ziada, fungua uone kwamba kanda zote mbili zimeonyesha uso na zimenyooka, maana kugeuza moja kimakosa ni rahisi mno. Kisha kata ukiacha milimita 6, fungua mshono, piga pasi. Endelea hadi kanda zote ziwe moja, uzikunje kuwa donge ili zisisokotane.

Kamba

Laza ukanda uso chini, weka pamba katikati. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, halafu kunja tena kwa nusu ili kingo hizo zifungiwe ndani. Upande mmoja wa kamba sasa ni mkunjo mtupu, na wa pili ni mikunjo miwili iliyokutana. Huo wa pili ndio unaoshonwa, milimita 3 au 4 kutoka ukingoni, kwa mshono wenye urefu wa milimita 3.

Vipande vya pamba havihitaji kushonwa pamoja. Vikutanishe ncha kwa ncha ndani ya mkunjo bila kupandana, na usiruhusu viungo vya pamba viangukie kwenye viungo vya kitambaa. Kunja nusu mita, bana kwa vibanio, shona, kunja nyingine. Wapo wanaopiga pasi urefu wote kwanza. Kamba yao inatoka nadhifu zaidi, lakini kazi inachukua muda. Mguu wa cherehani unaotembea pamoja na kitambaa, kama unao, unasaidia sana hapa, kwa sababu mguu wa kawaida hupenda kusukuma tabaka la juu na kuisokota kamba.

Hii ndiyo sehemu inayochosha. Haina siri yoyote isipokuwa kudumisha upana. Pima kila baada ya mita chache. Kamba yenye sentimita 1.4 hapa na 1.9 kule itakuletea shida kwenye kona hata ukishona kwa uangalifu wote. Futa vumbi la pamba kwenye kitanda cha bobini kila unapobadilisha bobini mbili au tatu. Pamba hii inatoa vumbi jingi, na likijaa cherehani huanza kuruka mishono. Ukimaliza, piga kamba yote pasi ya mvuke ilale, na ubadilishe sindano.

Hesabu ya kona

Kamba ya upana wa sentimita 1.6 ikizungushwa, kila mzunguko unatakiwa uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa sentimita 10. Zidisha 1.6 kwa 2, kisha kwa 3.14, utaipata. Haijalishi uko mzunguko wa 3 au wa 20, nyongeza ni ileile. Kwa kuwa pande mbili zilizonyooka zinabaki na urefu wake, nyongeza yote inaangukia kwenye kona mbili za yai, sentimita 5 kila kona.

Sasa tuseme mkono wako unavuta kamba kidogo, ukainyima kila kona nusu sentimita. Kwa macho huwezi kuona. Lakini kila mzunguko unashonwa kwenye ule uliokwisha kupungua, hivyo upungufu unarundikana: sentimita 1 kwa kila mzunguko, na zulia hili lina mizunguko kama 21. Ukifika ukingoni unadaiwa sentimita 20. Ukingo uliopungua kiasi hicho hauwezi kulizunguka zulia likiwa limelala. Njia pekee iliyobaki ni kuinuka.

Marinda ni deni la upande wa pili. Mtu aliyeambiwa asivute anaanza kusukuma, anaijaza kona kamba kuliko inavyotaka, na ukingo unakosa pa kuweka ziada yake.

Kwa hiyo kona haitaki kuvutwa wala kushindiliwa. Inataka kamba ilale yenyewe. Namna ya kuhakikisha hilo ni kuacha kuipimia kona kwenye cherehani. Ukikaribia kona, inua mguu, toa zulia na ulilaze mezani. Zungusha kamba pembeni mwake kwa vidole, bila kuivuta, mpaka igusane na zulia pote ikiwa imelala. Ibane kwa vibanio vitatu au vinne, na piga alama ya chaki inayovuka zulia na kamba mwanzoni na mwishoni mwa kona. Rudi kwenye cherehani, ushone huku alama zikikutana. Ukifika alama ya mwisho ukaona kamba imebaki au imepungua, mguu au mkono wako umeihamisha. Inachelewesha, sikatai. Baada ya mizunguko kadhaa mikono inajua, na kubana kunabaki kwa ukaguzi tu.

Kuzungusha na kushona

Weka zigizaga ya upana wa milimita 5 au 6 na urefu wa milimita 2.5 hadi 3. Punguza kidogo mkazo wa uzi wa juu, kwani zigizaga iliyokazwa inazikunja kamba mbili ziinuke kwenye kiungo. Kama cherehani yako inaruhusu kupunguza mgandamizo wa mguu, punguza. Jaribu kwenye vipande viwili vifupi vya kamba: sindano ishike kamba zote mbili sawasawa, na kiungo kikifunguliwa kwa vidole kisionyeshe mwanya.

Pima sentimita 40 kutoka mwanzo wa kamba, kunja hapo. Mkunjo uwe mbali nawe, ncha fupi iwe kushoto, kamba ndefu iwe kulia ikikuelekea. Upande wenye mshono uangalie ndani pande zote mbili, ili zigizaga iufunike na mkunjo safi ubaki nje. Anza kushona kwenye mkunjo, rudisha mshono nyuma mara moja kuufunga, halafu teremka hadi ncha fupi.

Hapo ndipo kona ya kwanza ilipo, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Chomeka ncha fupi chini kidogo isichungulie. Zungusha kamba ndefu kuipita ncha hiyo, ukigeuza zulia kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Usikanyage pedali; zungusha gurudumu la mkono, mishono miwili mitatu, sindano ikiwa chini, inua mguu, geuza kidogo, teremsha, endelea. Kamba nene haiwezi kupinda hivyo bila kukunjamana upande wa ndani, na kijitundu kidogo kitabaki. Kiache. Utakifunga kwa sindano ya mkono mwishoni. Kukivutia kamba ili kizibe ndiko kunakoanzisha upungufu tangu mzunguko wa kwanza.

Kuanzia sasa mpangilio haubadiliki: zulia kushoto, kamba mpya kulia, katikati ya mguu ikiwa juu ya mstari wa kiungo. Kwenye pande zilizonyooka unaweza kwenda haraka, ila mkono wa kulia usiishike kamba kwa nyuma. Weka donge la kamba pajani au kwenye beseni karibu na miguu, litoke lenyewe. Donge lililo mbali sakafuni linavuta kwa uzito wake.

Alama za chaki za mwanzo na mwisho wa kona ziongeze hadi kwenye kila mzunguko mpya, zikiwa kwenye mstari mmoja. Zisipokuwepo, kona husogea kidogo kidogo kila mzunguko na yai linasokotwa, likawa na mabega yasiyolingana.

Kila baada ya mizunguko miwili, kata kishawishi cha kuendelea. Laza zulia kwenye meza bila kulibonyeza, inama uangalie kwa usawa wa meza. Weka rula juu yake kwa mapana. Likicheza kidogo tu, nyunyizia maji, piga pasi ya mvuke pande zote mbili, liache lipoe palepale.

Likikataa kulala

Kingo zikiinuka chini ya sentimita 1 baada ya pasi, mzunguko unaofuata ulegeze: kila kona ipe kamba nusu sentimita zaidi ya inayoonekana kutosha. Mzunguko mmoja au miwili kawaida inalipa deni. Marinda madogo yanatibiwa kwa kushika kamba kwa mkazo mwepesi sana kwenye kona moja ya mzunguko, kisha kupima tena kabla ya kugusa ya pili.

Kilichozidi hapo hakitibiki kwa pasi. Tafuta mzunguko ambao tatizo lilianzia kwa kubonyeza zulia kuanzia katikati kwenda nje, na ufumue hadi hapo. Kufumua zigizaga si kugumu: kata mishono ya upande mmoja kila baada ya sentimita 2, vuta uzi wa upande wa pili, utatoka wote. Kuna wanaoshauri kurundika vitabu juu ya zulia usiku kucha. Vitabu vinasaidia zulia lililotoka kwenye pasi ya mvuke likiwa na kasoro ndogo. Ukingo uliopungukiwa sentimita 20 utainuka tena ukiviondoa.

Kumaliza kamba

Usimalizie kwenye upande ulionyooka, ambako ngazi ya mwisho inaonekana waziwazi. Malizia kona inapoanza, ili mpindo uifiche. Fumua mshono wa kamba kwa sentimita 15 za mwisho, punguza pamba kwa mshazari mpaka iishe, punguza na kitambaa kiwe chembamba kuelekea ncha, kikunje upya na kushona. Kamba sasa inakonda pole pole na kulalia ukingo. Ichomeke ncha upande wa chini, pitisha zigizaga mara mbili, rudisha mshono nyuma.

Geuza zulia, kagua kila kiungo upande wa chini. Mahali ambapo sindano ilishika kamba moja tu, pitisha mshono wa pili. Kijitundu cha katikati kifunge sasa kwa mkono.

Kama cherehani haina zigizaga

Kamba inashonwa na cherehani yoyote, kwani huo ni mshono ulionyooka. Kuunganisha ndiko kunakofanywa kwa mkono. Tumia uzi nene uliopakwa nta, sindano imara na kastabani. Laza zulia mezani, usilipakate. Pitisha sindano kwenye ukingo wa kamba mpya, kisha kwenye ukingo wa zulia, kwa hatua ya sentimita 1, ukikaza uzi kiasi cha kugusanisha tu. Inachukua siku badala ya saa. Faida yake ni kwamba zulia linashonwa likiwa limelala tangu mwanzo, hivyo za mkono mara nyingi zinatulia kuliko za cherehani.

Njia nyingine ni kuzikwepa kona kabisa: kata kamba vipande vya urefu sawa, viunganishe sambamba kupata zulia la mstatili, na funika ncha za pande mbili kwa ukanda wa kitambaa kipana. Litapungukiwa uzuri wa mzunguko, lakini hakuna hesabu ya kuogopa.

Matumizi na kufua

Sakafu laini na zulia jepesi ni ajali inayosubiri mtu. Weka chini yake wavu wa mpira wa kuzuia utelezi, uliokatwa ukiwa mdogo kuliko zulia kwa sentimita 3 kila upande. Jikoni karibu na moto usiweke lenye poliesta ndani.

Fua kwa maji baridi, kwa mkono au kwa mashine kwenye mzunguko mpole, na usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze katikati ya taulo mbili. Pamba ya mfarishi hupungua asilimia 3 hadi 5 kwenye kufua kwa kwanza, hivyo mikunjo midogo itajitokeza juu ya kamba. Hiyo ni kawaida. Usilianike kwenye kamba, maana likiwa limelowa linavutwa na uzito wake na yai linarefuka upande mmoja. Lilaze kwenye wavu au juu ya viti viwili penye upepo, uligeuze kila baada ya saa chache. Pamba inashika maji muda mrefu, kwa hiyo gusa katikati kabla ya kulirudisha sakafuni, kwani ndani panaweza kuwa na unyevu wakati juu pamekauka. Mshono ukifumuka mahali, ushone wiki hiyohiyo, kwa sababu kidole cha mguu kikishanasa kwenye mwanya wa sentimita 2, kinaufanya wa 10.